Kampa jangwani wakati wa baridi: hita inagoma, maji yanaganda, ndani kunanuka yai viza

Kampa, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ina msimu wake jangwani, na msimu huo ni wa baridi. Kiangazi hakuna anayetaka kulala ndani ya bati kule Death Valley, bonde la California, Marekani, ambalo tarehe 10 Julai 1913 kipimajoto cha Furnace Creek kilisoma nyuzi 56.7 za Selsiasi. Kuanzia Novemba mpaka Machi ndipo watu wanapopakia mablanketi na sufuria wakatoka Las Vegas. Wanaoga kwenye chemchemi za maji moto za Tecopa, wanapiga picha magofu ya Rhyolite, mji wa dhahabu uliohamwa, kisha wanashika barabara ya US 95 kupanda Goldfield na Tonopah, miji ya Nevada iliyozaliwa na dhahabu na fedha mwanzoni mwa karne iliyopita.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua, lakini soma kwanza sehemu inayofuata, maana nusu ya majibu yamo humo.

Kwanza: uko kimo gani, na volti ni ngapi?

Safari hii inakutoa kwenye shimo na kukupandisha mlimani ndani ya siku moja. Badwater, sehemu ya chini kabisa ya Death Valley, iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Tecopa ni kama mita 400 juu ya usawa huo, Beatty, mji mdogo wa njiani, kama 1,000, Goldfield imepita 1,700, na Tonopah ni kama mita 1,840, yaani juu kidogo ya Nairobi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi sita hivi, na ukifika Tonopah hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya pwani. Usiku wa Januari bondeni unaweza kulala na shuka mbili ukaona sawa. Usiku unaofuata, Tonopah, ndoo iliyoachwa nje inaamka ni barafu.

Kampa ileile iliyofanya kazi vizuri Tecopa inagoma Goldfield bila kitu chochote kuharibika. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, jiulize umelala kimo gani, halafu pima volti za betri ya nyumba, ile inayolisha taa, pampu na feni. Mita ndogo ya kupimia umeme haizidi bei ya chakula cha mchana, na ukiniuliza mimi, ibebe hata kama itabidi uache kitu kingine.

Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12.0 imeishiwa, hata kama taa bado zinawaka vizuri. Betri ya lithiamu ni tofauti: hukaa kwenye 13.2 hivi kwa muda mrefu kisha inaanguka ghafla, kwa hiyo hiyo itazame kwa asilimia kwenye kioo chake, volti zake hazikwambii mengi.

Feni inazunguka, hewa ni ya baridi, moto hauwaki

Hii ndiyo simu ninayopigiwa usiku. Na mara nyingi hita haina kosa.

Hita ya gesi hufuata utaratibu uleule kila inapowaka. Thamostati, yaani kifaa cha kupangia joto, inaita, feni inaanza kuzunguka, upepo wa feni unasukuma kibati kidogo cha swichi ndani ya njia ya hewa, swichi inaruhusu, ndipo vali ya gesi inafunguka na cheche zinapiga. Ukikaa kimya utasikia: feni, halafu tak-tak-tak, halafu mlio mzito wa moto kushika. Pale mlolongo unapokatika ndipo penye ugonjwa.

Feni ikizunguka bila kusikia tak-tak-tak hata moja, shuku umeme. Betri iliyochoka inazungusha feni kivivu, upepo hautoshi kusukuma kile kibati, na hita inakataa kufungua gesi. Inafanya hivyo kwa usalama wako.

Binamu yangu alinipigia kutoka Goldfield kabla ya adhana ya alfajiri, na bado hakusahau adabu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Saa kumi hii, kuna nini?"

"Hita imekufa. Watoto wanatetemeka."

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Unasikia tak-tak-tak?"

"Hamna. Inapuliza baridi tu."

"Soma volti feni ikiwa inazunguka."

"Kumi nukta tisa."

"Zima hita. Washa injini uiache ikichaji, mlango wa nyuma ufunge, na hakikisha ekzosi haielekei ukutani. Baadaye kidogo jaribu tena."

Ikawaka. Hesabu yake ni nyepesi. Mwishoni mwa Desemba usiku wa huko una saa 14 na zaidi. Feni ya hita ya kawaida hula ampea kama saba. Ikizunguka nusu ya usiku tu, ni saa saba mara ampea saba, sawa na ampea-saa 49. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 inakupa nusu yake bila kuumia, na baridi inakata sehemu ya hiyo nusu. Ukiongeza taa, simu nne kwenye chaji na pampu ya maji, saa kumi alfajiri hakuna kitu. Dawa ni kupasha gari joto sana kabla ya kulala, kushusha thamostati mpaka nyuzi 13 au 14, na kumwachia blanketi kazi iliyobaki.

Ukisikia cheche zinapiga lakini moto haushiki, sasa shuku gesi. Jaribu jiko. Kama jiko nalo halina moto au mwali ni mdogo, mtungi unaweza kuwa mtupu. Mwaga maji ya vuguvugu ubavuni mwake kisha pitisha kiganja: pale bati linapogeuka ghafla kuwa baridi ndipo gesi ilipoishia. Kama gesi ipo, funga vali ya mtungi, zima vifaa vyote, subiri kidogo, ufungue polepole sana. Mitungi ya Marekani ina kinga inayobana njia ikihisi gesi inatoka kwa kishindo, na mtu mwenye haraka na baridi hufungua kwa kishindo. Kinga ikishabana, mwali unabaki kama wa mshumaa na watu wanaanza kulaumu regyuleta, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inapotoka mtungini.

Regyuleta nayo huganda, hasa ikiwa kuna unyevu ndani ya mfumo. Utaona barafu nyeupe juu yake. Ipashe kwa maji ya vuguvugu au kitambaa, kamwe usitumie kiberiti. Gesi yenyewe haina neno: ile inayouzwa kule kwa ajili ya kampa ni propeni, ambayo huendelea kugeuka mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Vikopo vidogo vya jiko la mkononi vyenye buteni ndivyo vinavyosaliti, kwa kuwa buteni hukata tamaa karibu na sifuri kabisa. Ukivitegemea kwa chai ya asubuhi Tonopah, lala nacho kimoja karibu na miguu.

Moto ukishika kisha ukazima baada ya sekunde chache, angalia kwanza kama kuna begi, kiatu au blanketi limeziba matundu ya hewa ndani. Hita inazidi joto, inajizima. Halafu toka nje uangalie tundu la moshi: buibui na nyigu hupenda kujenga humo gari likikaa. Ikibaki vilevile, kihisi cha moto kimechafuka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Wenye hita ya dizeli wana tatizo lao: moshi mweupe, harufu kali, hita inazima na kuandika namba ya kosa. Hewa ni nyepesi, mafuta ni yaleyale, kwa hiyo haichomi vizuri na masizi yanajaa ndani. Kama ina mpangilio wa kimo, uweke. Kama haina, usiiendeshe kwenye moto mdogo usiku kucha ukiwa juu. Ipe moto mkubwa kwa muda kila siku ili ijisafishe, na ukishuka Beatty irudie.

Betri haijai hata baada ya jua la siku nzima

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea paneli ya sola iliyolala juu ya bati na jua la utosini. Huko Nevada, mwezi wa Desemba, jua la saa sita mchana linafika kama nyuzi 28 au 30 tu juu ya upeo, upande wa kusini. Paneli iliyolala bapa wakati huo, ambao ndio bora kuliko wote, hupata karibu nusu ya mwanga ambao ingepata ikiwa imeinamishwa kulielekea jua. Asubuhi na jioni ni chini ya hapo.

Kama paneli zako zinainuka, ziinue zielekee kusini. Kama zimegandishwa paani, egesha gari kwenye mteremko unaoinamia kusini, futa vumbi, na epuka kivuli cha nguzo hata chembamba, kwa kuwa kivuli kwenye kona moja kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima. Na usitegemee kupata soketi kwenye magofu. Rhyolite ilikatiwa umeme mwaka 1916 na haijarudishiwa.

Wenye lithiamu waangalie jambo lingine: betri hiyo haipaswi kuchajiwa ikiwa yenyewe iko chini ya sifuri. Nyingi zina kinga inayokataa chaji, ndiyo maana unaona jua linawaka, chaja inasema sifuri. Ipashe chumba chake, itaanza kupokea.

Harufu ya yai viza ndani ya gari

Hapa usikimbilie kusema ni chemchemi. Harufu hii ina baba wanne, na mmoja wao anaweza kulipua gari.

Wa kwanza kumfikiria ni gesi ya kupikia. Propeni haina harufu, huwekewa dawa inayonuka makusudi ili ujue inavuja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakusanyika chini. Kama harufu iko karibu na sakafu, karibu na jiko au karibu na hita, usiwashe wala kuzima taa, toeni watu nje, fungeni mtungi, acheni mlango wazi. Uvujaji unautafuta baadaye kwa povu la sabuni kwenye maungio: linapovimba mapovu ndipo panapovuja.

Wa pili ni betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi. Ikiharibika chumba kimoja, chaja inaendelea kuipika na inatoa gesi inayonuka vilevile. Gusa sanduku lake kwa nyuma ya mkono. Likiwa la moto au limevimba, kata chaji, pitisha hewa, na usipige cheche yoyote karibu. Betri inayochemka inaweza pia kupigisha kengele ya kaboni monoksidi, kwa sababu inatoa haidrojeni na kengele nyingi haziwezi kutofautisha.

Wa tatu yuko kwenye tangi la maji moto. Kama bomba la maji baridi halinuki na la moto linanuka, ni bakteria ndani ya tangi. Hakuna dharura hapo. Mwaga maji, suuza tangi kwa maji yenye klorini kidogo, jaza upya.

Wa nne ni mfereji wa sinki. Hewa ya jangwani ni kavu, na lile dimbwi dogo la maji linaloziba harufu chini ya sinki hukauka au humwagika kwenye mitikisiko. Mimina kikombe cha maji, umemaliza.

Ukishawaondoa hao wote, ndipo uvinuse vitambaa vya kuogea. Chemchemi zenye salfa huacha harufu kwenye taulo na nywele, na hugeuza pete za fedha kuwa nyeusi. Vua vidani kabla ya kuingia majini.

Kichwa kinauma kila asubuhi, kengele inalia

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Dalili yake ni kichwa kizito, kichefuchefu, uchovu, na alama kubwa ni kwamba ukitoka nje unapata nafuu na ukirudi inaanza tena. Ikiwapata watu wawili waliolala chumba kimoja, usiite mafua. Toka, na usirudi mpaka chanzo kijulikane.

Milio minne ya kengele, kimya, milio minne tena, hiyo ni hatari ya kweli. Mlio mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri au kengele iliyopitwa na wakati. Geuza usome tarehe nyuma yake: nyingi huisha umri kati ya miaka mitano na saba, na kampa ya kukodi inaweza kuwa na iliyokufa zamani. Wanaopasha gari kwa kuacha jiko linawaka usiku wananishangaza kila mwaka. Jiko la gesi halina bomba la moshi.

Madirisha yanatiririka maji, godoro limelowa chini

Kuna sababu mbili na wote tunazifahamu: pumzi na kupika. Ya tatu watu wanaisahau. Kila kilo moja ya propeni inayochomwa kwenye jiko hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo wote unabaki ndani. Hita iliyofungwa vizuri hutoa wake nje kwa bomba.

Halafu kuna desturi ya safari hizi: watu wanatoka chemchemi usiku, wamelowa, wanatundika taulo sita ndani ya chumba cha mita chache. Asubuhi dari linadondosha. Taulo zibaki nje au bafuni huku tundu la paani likiwa wazi kidogo. Ndiyo, utapoteza joto. Kubali kupoteza. Chini ya godoro weka kitu kinachopitisha hewa, kwa kuwa mbao baridi na mwili wa joto hukutana hapo.

Bomba halitoi maji

Sikiliza pampu. Ikiwa kimya kabisa, tazama fyuzi na volti. Ikinguruma bila kuacha na maji hayaji, tangi ni tupu, au inavuta hewa, au njia imeganda kabla ya pampu. Ikinguruma kidogo na kusimama, ina mgandamizo lakini mbele yake kuna barafu.

Mabomba huganda mahali pa baridi zaidi, na hapo ni nyuma ya makabati yanayogusa ukuta wa nje. Fungua milango ya makabati yote hewa ya moto ifike, ukawe na subira. Moto wa aina yoyote usiukaribishe. Barafu ikiyeyuka, pitia kila ungio na tochi, kwa sababu bomba lililopasuka huwa halivuji mpaka barafu iliyoliziba iondoke.

Kwenye kambi yenye bomba la nje, jaza tangi mchana kisha chomoa hozipaipu kabla ya magharibi na uimwage. Ukijua huwezi kuzuia baridi, ondoa maji yote na upitishe kile kimiminika cha waridi cha kuzuia kuganda, kinachouzwa kwa ajili ya mabomba ya kampa. Kile cha rejeta ya injini ni sumu, kisiguse kabisa mabomba ya maji ya kunywa.

Uchaguzi wa mahali pa kulala unasaidia kuliko vifaa. Anga la jangwani halina mawingu, joto linapaa, na hewa baridi inatiririka kama maji mpaka chini ya bonde. Sogea juu kidogo ya korongo. Utapata nyuzi chache za joto na utakuwa salama mvua ikinyesha. Anayedhani mvua haiji jangwani akumbuke Agosti 2023: Furnace Creek ilipata milimita 56 kwa siku moja, zaidi ya wastani wa mwaka mzima, na hifadhi ya Death Valley ikafungwa mpaka katikati ya Oktoba.

Maji yana ladha ya chuma au chumvi, birika limeota ukoko mweupe

Ukoko ni madini, siki iliyochemshwa inauondoa. Ladha ndiyo yenye neno. Maji ya ardhini ya Tecopa yana aseniki na floridi kwa asili, na kuchemsha hakuondoi aseniki. Kunazidisha, kwani maji yanapungua na sumu inabaki. Usijaze tangi kwenye chemchemi. Beba maji ya kunywa na kupikia kutoka mjini.

Kizunguzungu ukitoka kwenye maji moto

Mabwawa mengi ya kuogea huwa kwenye nyuzi 40 hivi. Mishipa inapanuka, damu inashuka miguuni, ukisimama ghafla macho yanaona giza. Kaa dakika kumi hadi kumi na tano, toka, kunywa maji, pumzika ukingoni kabla ya kusimama. Wajawazito, wenye presha na wanaomeza dawa za presha waongee na daktari kabla ya safari. Pombe na maji ya moto havipatani.

Usizamishe kichwa, na watoto pia wazuie. Kuna amiba wa maji ya uvuguvugu, Naegleria fowleri, anayeingia kupitia puani na kwenda kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini karibu wote anaowapata hufa. Kumeza maji hakumleti, pua ndiyo njia yake.

Jambo la adabu: katika mabafu ya zamani ya Tecopa desturi ni wanaume upande wao na wanawake wao, na watu huingia bila nguo baada ya kujisuuza. Asiyeweza, na wengi wetu hatuwezi, akodi bwawa la faragha.

Magofu na mashimo

Rhyolite ilianza mwaka 1904 dhahabu ilipoonekana, ikajenga benki ya ghorofa tatu ambayo kuta zake bado zimesimama, na mwaka 1906 Tom Kelly akajenga nyumba ya chupa kama 50,000. Tazama, piga picha, usichukue hata kizibo. Kwenye ardhi ya serikali mabaki hayo yanalindwa na sheria.

Kuhusu kuingia kwenye mashimo ya migodi iliyoachwa, sina orodha ya dalili. Hewa mle ndani inaweza kukosa oksijeni bila kunuka, mbao zimeoza, na sakafu uliyoiona ngumu inaweza kuwa ubao uliofunikwa vumbi juu ya shimo la makumi ya mita. Usiingie. Anayetaka kuona mgodi aende bustani ya kihistoria ya migodi pale Tonopah, mahali ambapo Jim Butler alipata fedha mwaka 1900, akatazame kwa kupitia vyuma.

Aliyefika Geita au Chunya anayajua marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa kutafuta madini. Huko Nevada yapo pia, vilima vya unga mweupe, wa njano au kijivu karibu na mitambo ya zamani, na yanaonekana kama mahali pazuri tambarare pa kuegesha. Yanaweza kuwa na risasi, aseniki, zebaki. Usilale juu yake, usiwashe moto hapo, na watoto wasichezee.

Vibanda vya wachimbaji vina panya, na mavi ya panya wa porini wa huko yanaweza kubeba virusi vya hanta. Usifagie. Acha hewa ipite, loweka kwa maji yenye klorini, futa kwa glovu. Homa na maumivu ya misuli yakija wiki kadhaa baadaye, na hasa pumzi ikianza kubana, mwambie daktari kwamba uliingia kwenye kibanda cha panya.

Maharage hayaivi

Tonopah maji huchemka kwenye nyuzi 94. Tumia sufuria ya presha, au pika dengu.

Barabarani

Taa ya upepo wa tairi ikiwaka asubuhi ya kwanza ya baridi, pima kabla ya kuogopa: upepo hupungua kama psi moja (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 joto linaposhuka. Umri wa tairi nao utazame. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, na tairi za kampa hufa kwa jua na uzee zikiwa bado na meno.

Njia ya Saline Valley, kwenye chemchemi wanazozisifu sana, ni ndefu, haina lami, ina mawe makali, na mapito yake ya kaskazini na kusini hupata theluji. Kampa ya kukodi haina kazi huko, na mikataba mingi inakataza barabara za vumbi. Vilevile usikanyage sakafu nyeupe ya ziwa kavu. Juu ni ukoko wa chumvi na magadi, chini ni tope, na ndani ya hifadhi kutoka nje ya barabara ni kosa.

Dizeli uliyojaza bondeni inaweza kuota nta baridi ikiwa kali huko juu. Injini inawaka, inakohoa, inazima. Jaza tena Tonopah, wanakouza mafuta yaliyoandaliwa kwa baridi ya hapo, na kama imeshaganda, subiri jua lipige filta. Karibu na Beatty punguza mwendo usiku. Punda wazao wa wale wa wachimbaji huzurura mpaka katikati ya mji, na wao hawana taa.

Kati ya Beatty na Tonopah kuna kilomita 150 zenye vipande virefu visivyo na mtandao. Pakua ramani kabla, na usiamini njia ya mkato inayopendekezwa na simu. Ukikwama, baki na gari. Ukipata mtandao na kupiga 911, wasomee kibao kidogo cha maili kilichosimama kando ya lami, chote, pamoja na herufi za kaunti, NY kwa Nye au ES kwa Esmeralda, kwa sababu Nevada hesabu ya maili huanza upya kila unapovuka mpaka wa kaunti.